Garimoshi Lipandalo Mlima

Mazungumzo yaliyotolewa katika ukumbi wa hekalu mbele ya wanachama na majirani, katika juma la maadhimisho



Kamati ilituomba tuzungumze juu ya jambo ambalo kila aliyeketi humu ataweza kulichangia, awe ni wa hekalu hili au ni wa mtaa wa jirani. Tukachagua reli. Kila mwaka baadhi yetu husafiri kwenda India kuhiji au kuwaona jamaa, na wengi wao hurudi na picha za garimoshi dogo lenye mabehewa ya rangi ya buluu likipinda juu ya genge huku ukungu ukilifuata. Picha hizo hupitishwa mkono kwa mkono, watu husema “ajabu!”, kisha albamu hufungwa. Tumeona ni vema leo albamu isifungwe upesi. Tuulize garimoshi hilo lilipandaje huko juu, liliwekwa na nani, lilikuwa la nani, na leo linamchukua nani.

Chuma juu ya chuma huteleza. Hiyo ndiyo fadhila ya reli mahali tambarare, maana mzigo mzito huvutwa kwa nguvu kidogo. Na hiyo hiyo ndiyo balaa yake mlimani. Barabara ya magari huweza kupanda mahali ambapo gurudumu la chuma huzunguka pale pale bila kusogea. Kwa hiyo mtu anayetaka kupandisha reli mlimani ana njia chache tu. Aweza kuuzunguka mlima kwa kona nyingi ili mwinuko upungue. Aweza kuizungusha njia mpaka ipite juu yake yenyewe, kama kamba iliyofungwa kitanzi. Aweza kuipeleka mbele, kuisimamisha, kuirudisha kinyumenyume juu ya njia nyingine iliyo juu zaidi, kisha kuipeleka mbele tena, mfano wa herufi Z. Aweza kutoboa mlima. Na akishindwa yote hayo, aweza kuipa reli meno. India walitumia njia zote hizi, na kila njia ina mji wake.

Tuanze na Darjeeling, kwa kuwa ndiyo ya kwanza, na kwa kuwa ndiyo tunayoipenda zaidi. Jina lenyewe hutokana na Dorje Ling, mahali pa radi, jina la nyumba ya watawa wa Kibuddha iliyokuwa juu ya kilima kilicho katikati ya mji. Leo juu ya kilima hicho lipo hekalu la Mahakal, ambamo kuhani wa Kihindu na mtawa wa Kibuddha huketi karibu karibu na kuwahudumia waja kwa pamoja. Majirani zetu mliotuuliza kama jambo la namna hiyo lawezekana, jibu ni kwamba limewezekana huko kwa muda mrefu sana, tena bila kelele.

Mwaka 1878 reli kutoka Calcutta ilifika Siliguri, chini ya milima. Kutoka hapo kwenda Darjeeling palikuwa na barabara ya mikokoteni tu. Bwana mmoja wa kampuni ya reli, Franklin Prestage, akapiga hesabu ya mchele. Akaona kwamba mchele ulionunuliwa Siliguri uliuzwa Darjeeling kwa zaidi ya maradufu ya bei yake, kwa sababu ya gharama ya kuupandisha. Tunapenda mjue jambo hili, maana wengi hudhani reli ile ilijengwa ili watu waitazame theluji ya Kangchenjunga. Ilijengwa kwa ajili ya mchele wa kupanda na chai ya kushuka. Kazi ilianza 1879, na mwezi wa Julai 1881 garimoshi likaingia Darjeeling. Miaka miwili tu! Siri ya upesi huo ni kwamba njia ililazwa pembeni mwa ile barabara ya mikokoteni, na reli zenyewe ziliachana kwa futi 2 tu, upana ambao mtu mzima aweza kuuvuka bila kunyoosha mguu. Reli nyembamba huweza kupinda mahali ambapo reli pana ingepinduka.

Husimuliwa kwamba njia ilipofika mahali pasipopitika, mke wa mmoja wa wajenzi alimwambia mumewe kwamba asiyeweza kwenda mbele na arudi nyuma, na ndipo zikazaliwa zile njia za Z. Huenda ni hadithi ya kunogesha chai. Lakini njia zenyewe zipo, na vitanzi vipo. Kimoja kiliongezwa mwaka 1919 mahali paitwapo Batasia, karibu na mji, nacho leo kinazunguka mnara wa kumbukumbu ya askari wa Kigorkha waliokufa vitani. Stesheni ya Ghum, iliyo juu kuliko zote katika India, iko mita 2,258 kutoka usawa wa bahari. Tangu hapo garimoshi huteremka kidogo kuingia Darjeeling.

Hapa yafaa tukae kidogo na watu wanaoliendesha. Kichwa cha mvuke cha Darjeeling ni kidogo hata mtoto aweza kukiona kama chombo cha kuchezea. Vya aina hii vilianza kuletwa kutoka Uingereza mwaka 1889. Lakini hesabuni watu. Yupo dereva. Yupo mchochea moto. Yupo mtu anayeketi juu ya makaa ya mawe akiyavunja kwa nyundo, kwa kuwa mlango wa tanuri ni mdogo. Na mbele kabisa, juu ya boriti ya mbele ya kichwa, wameketi watu wawili wenye mchanga. Reli inapolowa umande, wao hunyunyiza mchanga kwa mikono yao, mmoja upande huu na mwingine upande ule, ili magurudumu yapate kushika. Mvua inawapiga usoni, baridi ya mita 2,000 inawapenya, na chini ya miguu yao ni genge. Garimoshi zima, na abiria wake wenye kamera, linapanda kwa konzi za mchanga za watu wawili. Kwa sababu hiyo hatuoni raha kuliita garimoshi lile “treni ya kuchezea”, ingawa ndilo jina lililoenea. Jina hilo lilitungwa na wanaoketi ndani.

Reli hiyo iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1999. Sifa hiyo haikuizuia milima isisogee. Mwaka 2010 ardhi iliporomoka mahali paitwapo Paglajhora, maana yake kijito chenye wazimu, na mwaka uliofuata ikaporomoka tena karibu na Tindharia, kilipo karakana cha reli. Njia nzima kutoka bondeni hadi mjini haikupitika mpaka 2015. Mwaka 2017 ulipokuja mgomo wa siku 104 wa kudai jimbo la Gorkhaland, stesheni za Sonada na Gayabari zikachomwa moto. Hatuingii katika siasa za watu wengine. Twasema tu kwamba watu hawachomi kitu ambacho hakina maana kwao, na kwamba watu wale wale ndio ambao nyumba zao zimegusana na reli, ndio wanaoanika nguo zao hatua mbili kutoka kwenye mataruma, ndio wanaoondoa vikapu vya mboga njiani kila honi inapolia.

Tuteremke sasa hadi kusini, Nilgiri, yaani milima ya samawati. Hupata rangi hiyo wakati wa ua liitwalo kurinji, ambalo huchanua mara moja katika miaka 12, kisha hukaa kimya miaka mingine 12. Kutoka Mettupalayam hadi Udagamandalam, mji ambao wengi huuita Ooty, ni kilomita 46 tu, lakini garimoshi linapanda kutoka mita 326 hadi zaidi ya mita 2,200. Hapo ndipo reli ilipopewa meno. Kati ya Kallar na Coonoor, katikati ya reli mbili za kawaida, pamelazwa vyuma vyenye meno, na chini ya kichwa cha garimoshi lipo gurudumu la meno linalouma meno hayo. Kwa kila mita 12 za kwenda, linapanda mita 1. Reli ilifika Coonoor mwaka 1899, na Ooty mwaka 1908. Vichwa vyake vilitengenezwa Winterthur, Uswisi, kwa mafundi wenye milima yao wenyewe.

Mtu aliyezoea reli ya kwetu atashangaa kwamba katika kupanda kichwa hakivuti bali kinasukuma. Kiko nyuma, upande wa bonde. Sababu yake ni rahisi: kama kiungo kitakatika, mabehewa hayatakwenda kokote, yatakiegemea kichwa. Na juu ya kila behewa amesimama mtu wa breki na bendera yake. Safari ya kupanda ni kama saa tano kasoro. Ya kushuka ni kama saa tatu na nusu. Hakuna anayelalamika.

Matheran, juu ya tambarare za Mumbai, hatutakaa sana, ila kwa jambo moja. Reli yake ya kilomita 21 hivi kutoka Neral haikujengwa na serikali wala na kampuni ya Kiingereza. Ilijengwa kati ya 1904 na 1907 na Abdul Hussein Peerbhoy, Bohra wa Bombay, kwa fedha za baba yake, Sir Adamjee Peerbhoy. Mji wa Matheran hauruhusu magari hadi leo. Watu huenda kwa miguu, kwa farasi, na kwa reli hiyo. Majirani zetu Mabohra watatuwia radhi tukisema kwamba tunaona fahari kana kwamba ni yetu. Na tusisahau kwamba miaka michache kabla ya hapo Bohra mwingine, Alibhai Mulla Jeevanjee wa Karachi, ndiye aliyekuwa mkandarasi wa kuwaleta vibarua kutoka India kuja kujenga Reli ya Uganda. Nusu ya nyumba zilizoko mtaa huu zina habari inayoanzia hapo.

Basi tuifikie Shimla, ambayo ndiyo sababu hasa ya mazungumzo haya.

Jina Shimla husemwa kuwa latokana na Shyamala Devi, jina la Mama Kali. Waingereza waliufanya mji huo makao makuu ya majira ya joto mwaka 1864. Fikirini maana yake: kila mwaka serikali nzima ya India ilihama kutoka Calcutta, na makarani, na majalada, na masanduku, na wapishi, ikapanda mlima na kuitawala nchi kutoka juu kwa miezi mingi, kisha ikashuka. Katika mji wenyewe, wakubwa watatu tu ndio walioruhusiwa kupanda magari ya farasi katika barabara kuu. Wengine wote, wake kwa waume, walivutwa kwa rickshaw. Walivutwa na nani? Na watu wa vijiji vya milimani, wanne au watano kwa gari moja, wakipanda mbio.

Reli kutoka Kalka ilifunguliwa Novemba 1903. Ni kilomita 96, madaraja zaidi ya 860, na mahandaki 102 ambayo garimoshi hupita hadi leo. Madaraja mengi si ya chuma. Ni matao ya mawe yaliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa, na lile lililo karibu na Kanoh lina ghorofa nne. Handaki refu kuliko yote, la Barog, ni la mita zaidi ya 1,100. Husimuliwa kwamba Kanali Barog aliagiza handaki lichimbwe kutoka pande mbili za mlima, na pande hizo hazikukutana. Akatozwa faini ya rupia moja. Hakuweza kuivumilia aibu hiyo, akajiua. Baada yake mhandisi H. S. Harington alichimba handaki jingine, na watu wa huko hushikilia kwamba aliyemwonyesha mahali pa kupita alikuwa mchungaji wa kijijini aitwaye Bhalku, aliyegonga ukuta wa mlima kwa fimbo yake na kusikiliza. Ukweli wa fimbo hatuwezi kuupima kutoka hapa. Lakini hili ni la kweli: kanali aliyekosea, stesheni inaitwa kwa jina lake, na Bhalku alingoja zaidi ya miaka 100 kabla ya shirika la reli kufungua jumba la makumbusho lenye jina lake huko Shimla.

Mji huo uliokusudiwa watu wachache ulihesabiwa kuwa na watu karibu 170,000 katika sensa ya 2011, bila wageni. Nyumba zimejengwa juu ya nyumba, ghorofa sita juu ya mteremko ambao mbuzi angeusitasita. Mwaka 2018 maji yalipungua mno, hata baadhi ya wenyeji wakawasihi watalii wasije. Na mwezi wa Agosti 2023 ikaja mvua.

Wengi wenu mnakumbuka. Tarehe 14 Agosti ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa Sawan, siku ambayo hata sisi hapa hujaza hekalu tangu alfajiri. Katika kitongoji cha Summer Hill watu walikuwa wamekuja kwenye hekalu la Shiva kumwagia lingamu maji, kama tunavyofanya sisi. Mlima ulio juu yao uliporomoka. Watu 20 walikufa. Maporomoko hayo hayo yaliikata reli. Udongo ulikwenda, na reli na mataruma yake vikabaki vikining'inia hewani kama ngazi ya kamba. Picha hiyo ilizunguka dunia nzima. Tuliiona katika simu zetu, hata kabla hatujajua kwamba chini ya udongo ule palikuwa na hekalu.

Hatusemi kwamba reli ndiyo iliyoporomosha mlima. Ilikuwapo kwa miaka 120 nao ukasimama. Wala hatusemi kwamba ni mvua tu. Mvua ilikuwa kubwa mno, na mlima ulikuwa umebebeshwa mno. Wajenzi wa reli walipata shida ya kuyapa maji njia. Wajenzi wa mahoteli hawakujisumbua hivyo. Wala sisi tunaofika huko kwa wingi hatuna budi kujitazama: kila chumba kilichochimbwa kwenye ubavu wa mlima ule kilichimbwa kwa kumtarajia mgeni.

Reli ya Shimla ilitengenezwa. Kabla ya mwisho wa Oktoba mwaka ule ule garimoshi lilikuwa limeingia tena Shimla. Tulifurahi. Lakini sikilizeni upande wa pili.

Katika jimbo hilo hilo la Himachal Pradesh ipo reli nyingine nyembamba, ya bonde la Kangra, kutoka Pathankot hadi Joginder Nagar, kilomita 164, iliyofunguliwa 1929. Haina jina la Urithi wa Dunia. Watalii wachache huifahamu. Nauli yake ni ya senti chache. Abiria wake ni wakulima, wanafunzi, askari walio likizoni, na mahujaji waendao kwa Mama wa Kangra, kwa Jwalamukhi penye moto usiozimika, na kwa Shiva wa Baijnath. Baadhi ya vijiji vyake havikuwa na usafiri mwingine wa uhakika. Mwezi wa Agosti 2022, mwaka mmoja kabla ya msiba wa Summer Hill, mafuriko yaliangusha daraja lake la mto Chakki, karibu na Pathankot. Miaka miwili ilipita bila garimoshi kuvuka hapo.

Reli moja miezi miwili. Reli nyingine miaka miwili na zaidi. Tunajua kwamba daraja kubwa la mto si sawa na kipande cha njia juu ya mteremko, na mhandisi aweza kututolea sababu zake. Hata hivyo, twaamini kwamba kama mabehewa ya Kangra yangekuwa yamejaa kamera, sababu hizo zingekuwa fupi zaidi. Mandhari nzuri imeziokoa reli za milimani, hilo halina ubishi. Darjeeling ingekuwa imefungwa zamani kama si uzuri wake, maana haijilipii. Lakini uzuri huo huo umezigeuza. Darjeeling leo, safari nyingi ni za kitanzi kifupi hadi Ghum na kurudi, kwa nauli ambayo mchuma chai haiwezi. Garimoshi lililojengwa ili mchele ushuke bei limekuwa starehe ya anayeweza kula mchele popote.

Jambo hili si geni kwetu. Reli ya Tanga hadi Moshi ilianza kujengwa mwaka 1893 na kupita chini ya milima ya Usambara, ikafika Mombo 1905. Haikupanda Lushoto, mji ule wa mlimani uliachiwa barabara yenye kona zake. Huko Amani, katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walipanda mikwinini mwanzoni mwa karne, mti ule ule ambao Waingereza walikuwa wameupanda milimani Darjeeling na Nilgiri, kwa ajili ya homa ile ile. Abiria walipoacha kubebwa na reli yetu ya kaskazini katika miaka ya 1990, hapakuwa na picha iliyozunguka dunia. Kabichi za Lushoto zilipanda malori, na nauli ikapanda nazo. Zaidi ya miaka 20 ilipita mpaka treni ya abiria ikarudi Moshi, Desemba 2019. Wazee waliokuwa stesheni siku hiyo hawakuwa wakitazama mandhari.

Na upande wa Kenya, tusipite kimya. Reli ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa huko Kijabe, mteremko ulikuwa mkali hata mabehewa yakashushwa kwa kamba za chuma, hadi njia ya kudumu ilipokamilika. Baadaye njia ya kwenda Eldoret ilipita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, juu sana kuliko Ghum. Vibarua walioletwa kutoka India walizidi 30,000. Wapatao 2,500 hawakurudi wala hawakubaki. Walizikwa au kuchomwa kando ya njia, wengi bila jiwe. Walikufa pamoja na Waafrika waliobeba mawe yale yale, ambao hata idadi yao haikuandikwa. Simba wa Tsavo wana vitabu na sinema.

Tunamalizia kwa mambo ya safari, kwa kuwa tumeulizwa na wengi wanaokusudia kwenda baada ya Diwali.

Msiende milimani Julai wala Agosti, hata kama tiketi za ndege ni rahisi na hata kama nadhiri ni ya Sawan. Shiva wa bondeni ni Shiva yule yule. Oktoba na Novemba anga ni safi. Nilgiri huwa na mvua yake mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo huko afadhali Februari au Machi. Darjeeling, ulizieni treni ya kawaida itokayo New Jalpaiguri: ni safari ya siku nzima, wala hamtaijutia. Shimla, pandeni treni ya alfajiri kutoka Kalka, chukueni blanketi, na laleni usiku mmoja njiani badala ya kurundikana wote mjini. Zipo nyumba za wageni Solan na Barog, na wenyeji wake wanahitaji riziki kama wa Shimla. Wazee wenye maradhi ya moyo wamwone daktari kwanza, kwa sababu ya kimo.

Na wale wanaokwenda Baijnath, fikeni Pathankot mapema, mwulize dirishani kama treni inavuka Chakki siku hiyo. Ikiwa inavuka, msichukue teksi. Kateni tiketi ya daraja la pili, keti na watu wa vijijini, chukueni chakula cha kugawana. Katibu wa hekalu ameorodhesha nyakati zilizokuwa zikitumika na vituo vya kushukia kwa kila hekalu. Karatasi iko mezani karibu na mlango, kwa Kigujarati na kwa Kiswahili.